Kozi Tatu za Mawe

Miaka michache baada ya bendera kubadilishwa, niliajiriwa na serikali kuwa karani wa ujenzi kusini mwa Msambweni, palipokuwa pakijengwa wodi ya kina mama wajawazito. Kazi yangu haikuwa kushika mwiko. Nilitunza ramani na mkataba ndani ya sanduku la bati, na kila siku niliandika katika daftari nani amekuja kazini, mifuko mingapi ya saruji imefunguliwa, mvua imenyesha saa ngapi, na agizo gani limetolewa na nani.

Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza. Fundi mkuu, mtu mzima wa Bongwe aliyeielewa ramani kuliko aliyeichora, hakukijua Kiingereza, wala mafundi wake hawakukijua. Kwa hiyo mchana, tukiwa tumekaa juu ya mawe tukila mihogo na samaki wa kukaanga, niliwafasiria kifungu baada ya kifungu. Mkandarasi, mfanyabiashara wa Mombasa, hakupenda. Alisema mafundi wakiujua mkataba watageuka mawakili. Nilimjibu kwamba mtu hawezi kutimiza ahadi asiyoijua, nikaendelea kusoma.

Kifungu walichokipenda kilisema kwamba ramani haibadilishwi mpaka agizo liletwe kwa maandishi, lenye sahihi. Walinirudisha hapo mara kwa mara. Kila mmoja wao aliwahi kubomoa ukuta wake mwenyewe kwa amri ya mtu ambaye baadaye aliikana.

Ramani ilitaka sakafu iinuliwe kozi tatu za mawe, yaani safu tatu moja juu ya nyingine, kutoka ardhini, kwani pale ni bondeni na masika maji hujaa. Tulikuwa tumemaliza kozi ya kwanza alipofika mkaguzi mpya wa serikali, kijana wa bara aliyevaa tai. Hakushuka garini. Alituambia kuna mgeni mkubwa atakayekuja kulifungua jengo kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo kozi ile moja yatosha. Sakafu imwagwe kesho.

Mkandarasi aliitikia upesi. Mimi nilichukua daftari, nikasogea dirishani mwa gari.

"Bwana mkubwa, tafadhali liandike agizo hilo hapa, utie sahihi."

"Hunijui? Mimi ndiye serikali."

"Nakujua, bwana. Na serikali ina mkono wa kuandika."

Niliogopa, sitaficha. Nilikuwa nimeoa majuzi tu. Lakini hasira iliizidi hofu. Tulikuwa tumeambiwa nchi sasa ni yetu, na huyu mwenzetu alikuwa akisema nasi kupitia dirisha la gari, vilevile kama waliomtangulia.

Aliniacha, akawaamuru mafundi. Fundi mkuu alifuta mwiko wake kwa kiganja, akasema kwa upole, "Tutamwaga, baba, karatasi ikija." Wengine walinyanyua mawe, na kozi ya pili ikaanza mbele ya macho yake.

Gari lilipoondoka, mkandarasi alinifuata nyuma ya stoo, akanilaumu kwamba nitamkosesha kazi zote za serikali. Nilimwambia kwamba maji yakiingia wodini jina litakaloitwa ni lake, maana la mkaguzi halitakuwapo popote. Kesho yake lilikuja lori la mawe, na mkandarasi hakuniambia chochote kulihusu.

Wiki iliyofuata mhandisi wa serikali, mkubwa wa mkaguzi, alitoka Mombasa kwa mkutano wa saiti, palepale penye ujenzi. Mkaguzi alinishtaki kwamba nawachochea mafundi. Nilifungua daftari, nikaisoma siku ile neno kwa neno, pamoja na saa. Mhandisi alimwuliza mkaguzi kama iko barua. Haikuwapo.

"Basi ni kozi tatu," alisema, akaomba chai.

Mgeni mkubwa alikuja siku yake ileile, akakata utepe mbele ya jengo lisilo na paa. Kina mama walipiga vigelegele, na mkaguzi akasimama mbele kabisa wakati wa picha.

Sikushinda vyote. Kabla paa halijakamilika nililetewa barua ya kunihamishia Samburu ya huku pwani, kando ya barabara kuu, penye joto na malori, kwenye ujenzi wa zizi la mnada wa ng'ombe. Msimamizi wa huko alinipokea akiwa amekwisha kusimuliwa habari zangu. Aliniuliza kama ni kweli kwamba mimi ni mkaidi. Nilimwambia ni kweli, nikaomba kuiona ramani.

Masika yalipofika, fundi mkuu alinitumia salamu kwa dereva wa lori. Maji yalikuwa yamefika katikati ya kozi ya pili, yakasimama hapo siku tatu. Juu yake, kina mama watano walikuwa wamelala pakavu na watoto wao.

Nilimshika dereva mkono, nikamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya msimamizi.