Siku Saba za Maombi ya Sévère

Sévère ni fundi wa mbao hapa Kasenga. Atelye yake imepakana na mahali ninaposukia watu nywele, mwaka wa sita sasa. Kila asubuhi lazima anitukane kidogo: "Josée, weye iko unasuka ama unang'oa?" Nami namjibu kwamba vitanda vyake vinalia kuliko watoto wanaolala juu yake. Ndio urafiki wetu huo, wala sikuwahi kuutafutia jina lingine.

Mwezi wa tatu mama yake akafariki kule Luberizi. Akazika, akarudi, akashika randa kama kawaida, ila matusi yakakoma. Jumatatu moja nikakuta atelye imefungwa. Kwenye mlango wa chumba chake, huko nyuma, ameandika kwa chaki: NIKO KU MAOMBI, SIKU SABA.

Kwetu, mtu aliyefunga kwa maombi hasumbuliwi. Humbishii hodi, humpigii simu. Basi nikamheshimu. Tena nikajisifu, eti rafiki yangu ana imani! Wateja waliofuata meza zao niliwafukuza mwenyewe. Wenzake wa kwaya walipokuja, niliwawekea kidole mdomoni, wakarudi kwa kunyata.

Siku ya tano nilikuwa namsuka Mwavita, mke wa muuza vitenge. Akaniuliza, "Huyu jirani yako anasali saa ngapi? Miye simusikii."

Jamani, Sévère akisali mtaa mzima unajua! Anapiga makofi, anakemea shetani mpaka mbuzi wanahama. Siku tano, hata amina moja sijasikia. Na mimi mjinga nilikuwa naufurahia ule ukimya.

Nikamwacha Mwavita na nusu kichwa, nikaenda kuupiga ule mlango mateke. "Fungua! Nitauvunja, na ni weye utautengeneza!"

Akafungua. Amekonda, midomo imekauka, amevaa shati lile lile la Jumapili.

"Sifungi wala sisali, Josée," akasema polepole. "Niliandika maombi juu mutu asikuje."

Nililia kwa hasira, nikamtukana yeye na ukoo wake wote. Kisha nikaleta bugali na ndagala, tukala sahani moja. Alimeza matonge matatu. Kesho yake nikamshika mkono hadi kituo cha afya, kwa muuguzi anayesikiliza watu walioelemewa moyoni. Mpaka leo anakwenda kila Alhamisi. Siku nyingine anarudi amenuna, siku nyingine anarudi anapiga mluzi.

Wiki iliyopita akachungulia kwangu nikimsuka mteja. "Josée, huyo mama alikukosea nini?" Nilicheka hadi kitana kikaanguka. Ndipo nikapata ujasiri wa kumfuata atelye na kumwuliza, mbona siku saba, si tatu?

Akaendelea kupiga randa.

"Nilijua kwa siku saba hakuna atakayekuja. Ya nane sikuipangia kitu, sikutaka kuifikia."

Siku nne nzima, mimi ndiye niliyemlindia ule mlango.