Dinamo ya Savuth

Savuth alizaliwa mdomo kwanza, mwili ukafuata. Pale kijijini kando ya mfereji, nje ya mji wa Battambang, hakuna aliyewahi kumwona ameshika jembe, ila wote walimsikia akifundisha watu kulima. Mkewe, Kunthea, ndiye aliyeuza tambi za mchele kila alfajiri hadi zikaleta injini ya dizeli, dinamo na kibanda cha kuchajia betri. Savuth akajiita Fundi Mkuu. Mkuu wa nani, na kibandani yuko peke yake?

Kazi yenyewe haikutaka akili nyingi. Injini iliizungusha dinamo kwa mkanda. Ndani yake nyaya zilizoviringwa zilizunguka katikati ya sumaku, umeme ukatoka kupitia vipande vya kaboni na kuingia kwenye betri za majirani. Palikuwa na swichi ndogo iliyojikata yenyewe dinamo ilipolegea, umeme usirudi nyuma. Mlio wake ulimkatiza Savuth usingizi wa mchana, akaifunga kwa waya isijikate tena. Fundi Mkuu huyo!

Siku moja kabla ya harusi ya binti yao, Chanmony, majirani walileta betri zao zote zichajiwe, zitumike kwa vipaza sauti. Kule, harusi isiyosikika kijiji cha pili ni aibu ya ukoo. Mchana dizeli ikaisha. Savuth, kwa uvivu wa kwenda kununua, akavua mkanda akalale. Dinamo ikaendelea kuzunguka.

"Mama Chanmony! Njoo uone akili ya mumeo! Mashine inakwenda bila mafuta!"

"Inazungushwa na nini?"

"Inajizungusha!"

"Baba Chanmony, kisichokula hakifanyi kazi. Hebu izime."

"Kapike tambi zako wewe, mambo ya ufundi niachie mimi."

Mbumbumbu yule! Hakujua kwamba mashine ni ile ile: ukiizungusha inakupa umeme, ukiilisha umeme inazunguka. Dinamo ilikuwa imegeuka mota, inazinyonya betri za majirani kupitia swichi aliyoifunga kwa mkono wake. Akaiacha hivyo hadi kesho yake, tena akamwita baba wa bwana harusi aje kushangaa.

Asubuhi msafara wa bwana harusi ulifika na sinia za matunda. Mwimbaji akashika kipaza sauti. Kimya. Wakajaribu betri hii, wakajaribu ile, zote zimekufa.

"Betri zenu mbovu," Savuth akasema.

"Mbovu? Yangu juzi tu imewasha televisheni, mjomba!"

"Mkwe," akasema baba wa bwana harusi, "mashine yako isiyokula imekula kijiji kizima!"

Watu wakaangua kicheko. Chanmony akainama, machozi yakachora mifereji kwenye poda. Savuth akageuka kumtazama mkewe, kama kawaida yake akiharibu.

Kunthea hakupiga kelele. Aliingia kibandani, akaikata ile waya kwa kisu cha jikoni.

"Miaka yote najiuliza huyu mwanamume anazunguka kwa nguvu gani," alisema. "Kumbe betri ni mimi."

Akaenda kuketi kando ya binti yake, akaanza kuimba mwenyewe, wanawake wakamwitikia hadi ng'ambo ya mfereji.

Kesho yake Savuth alikaa mezani akingoja bakuli lake la tambi. Kufikia mchana alikuwa bado anangoja.