Nyota Niliyoipa Jina Langu

Nicheke mwenyewe kwanza, ninyi mtafuata. Ninafundisha fizikia Itigi. Kwa dishi kuukuu la televisheni nilikuwa naorodhesha nyota zinazotoa mawimbi ya redio, nikanasa moja isiyomo kwenye orodha yoyote. Ilinguruma kila siku, ila Ijumaa adhuhuri ilinyamaza. Nikaipa jina langu, nikamwita mkuu wa shule ashuhudie.

Ijumaa ilipofika, ikanyamaza kama nilivyotabiri. Nikatanua kifua.

Mara Shabani, fundi anayechomelea mikokoteni nyuma ya darasa letu, akachungulia dirishani na kanzu yake safi.

"Shikamoo, mkuu. Nimezima mashine, naelekea msikitini. Kelele zangu haziwasumbui?"

"Marahaba," mkuu akaitikia, kisha akanigeukia. "Mwalimu, nyota yako inakwenda kuswali."