Kiingereza cha Shangazi Kimo Miguuni

Shangazi wa mume wangu huanza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri. Akipiga mswaki anaongea. Akitafuta miwani yake anaiita, utadhani itaitika. Binti yetu amepewa jina la mama yake Shangazi, kwa hiyo Shangazi humwita "mama", na kabla mtoto hajajua kukaa alikwishasimuliwa habari za ukoo mzima, na nani hasemeshani na nani, na sababu zake.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umlete ugenini. Umweke chumba cha nyuma cha duka la kurekebisha nguo, chumba kisicho na dirisha, apunguze suruali na kubadilisha zipu kutwa nzima. Mji wote unaongea Kiingereza, na Kiingereza cha Shangazi wakati ule kilikuwa cha kuomba maji na kushukuru.

"Mkwe wangu," aliniambia jioni moja huku akijikanda kisigino, "nimechoka kuongea na suruali zisizo na watu ndani."

Haukupita muda, yule dada anayepokea wateja kaunta akasema anahama mji. Kaunta ile iko mbele, pembeni ya kioo kikubwa. Barabara yote unaiona, na kila anayeingia lazima azungumze nawe. Shangazi hakulaza damu. Akamfuata bosi wake, mama mmoja mrefu ambaye tepu ya kupimia haimtoki shingoni, akamwomba nafasi ile kwa maneno machache na mikono mingi. Bosi akamwelewa. Akamjibu kwa upole kwamba mikono yake anaiamini, ila kaunta inataka mdomo. Dada akishaondoka, atamweka pale asubuhi moja amsikilize. Akiweza, nafasi ni yake. Asipoweza, ataletwa mtu mwingine na yeye atarudi kwenye suruali zake.

"Mdomo!" Shangazi alilalamika nyumbani. "Mimi wa kuambiwa mdomo! Tangu nizaliwe watu wananiomba nipunguze."

Mtu wa kujifunza naye hatukuwa naye. Mume wangu anasafisha sakafu za hospitali kwa ile mashine ya kusukuma, na akirudi, Kiingereza chake amekiacha hukohuko pamoja na buti. Mimi nashinda na mtoto, na mtoto lugha yake ni moja tu.

Tangazo nililiona mimi, kliniki, siku niliyompeleka mtoto kupimwa uzito. Lilikuwa na picha ya baiskeli na watu wawili wanacheka. Nikamuuliza muuguzi. Akaniambia ni kundi la Jumapili asubuhi, wenyeji na wageni, wanaendesha taratibu kando ya mto na kuongea, ili wageni wazoee Kiingereza. Hawashindani wala hakuna mwalimu.

"Baiskeli!" Shangazi akasimama. "Mimi nimeendesha ya baba yangu, ile ya chuma, ndefu kunishinda, mguu mmoja nimeupenyeza katikati ya fremu kama mwizi anayeingia dirishani!"

Jirani wa chini alikuwa na baiskeli ya zamani imeegemezwa chini ya ngazi. Akatupatia kwa furaha, nadhani ilikuwa inamkwaza kila akipita.

Jumapili ya kwanza nilimsindikiza nikisukuma kigari cha mtoto. Kundi hukutana kwenye benchi karibu na daraja, pale penye taa za kuongozea magari. Kiongozi wao ni mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa akipeleka barua nyumba kwa nyumba. Sisi tunamwita Mpeleka Barua. Alikuwepo pia jamaa mnene, mwoka mikate, mgeni kama sisi kutoka nchi nyingine kabisa, anayeongea kwa sauti ndogo. Wengine walikuwa wanakuja na kuondoka.

Shangazi alifika gauni lake refu amelibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, helmeti imekaa juu ya kilemba. Wenzake wakasema neno moja la asubuhi na kupanda baiskeli. Shangazi akashuka. Kwake salamu ya neno moja ni ugomvi. Akamfuata mmoja mmoja, akampa mkono, na kwa Kiingereza chake kidogo akauliza ameamkaje, mama je, nyumbani je. Mwoka mikate aliulizwa habari za mama yake, macho yakamlegea. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza tangu afike.

Wakaondoka wamechelewa. Hawajafika mbali, taa ikawaka nyekundu, Mpeleka Barua aliye mbele akanyoosha mkono juu. Kwao hiyo ni ishara kwa walio nyuma: simameni. Shangazi akaona mzee wa watu anampungia. Akupungiaye nawe unampungia, ndivyo alivyolelewa. Akaachia usukani, tena kwa mkono ule wa breki, akapunga kwa moyo wote, meno yote nje, akamparamia mzee kwa nyuma wakaenda wote kwenye majani.

Nikakimbia na kigari cha mtoto kuwafuata. Kisha nikasikia mzee anacheka.

Shangazi alirudi na plasta gotini, uso unawaka. "Mkwe! Nimeongea! Aliniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama, je yeye? Mke je? Kumbe mkewe anapanda nyanya. Mbwa je? Mkwe, mbwa anaumwa figo! Hayo yote tumeyaongea kwa Kiingereza, njia nzima!"

Tangu siku hiyo Jumapili akawa hakosi. Nilikuwa nakaa pale benchi nikimnyonyesha mtoto hadi warudi, na nilianza kumsikia Shangazi kabla sijamwona. Sauti inatangulia, baiskeli inafuata. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, lakini kilikuwa kinatiririka, na wenzake walikuwa wanasogea karibu wasipitwe.

Nyumbani sasa. Nikajifanya mteja, nikaketi mbele yake mezani na suruali ya mume wangu.

"Haya Shangazi, mimi nimeingia dukani."

Akanitazama. Nami nikamtazama. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Usinikodolee macho, mkwe."

"Wateja wana macho, Shangazi."

Tukarudia kesho yake na keshokutwa. Kimya kilekile. Mtoto ndiye aliyekuwa anatoa sauti pekee.

Nilianza kumwangalia vizuri. Jumapili iliyofuata walikuwa wanarudi, Shangazi anasimulia harusi ya mdogo wake, amefika pale bwana harusi alipovaa viatu visivyofanana. Taa ikawaka nyekundu. Miguu ikasimama, na hadithi nayo ikasimama, kama redio iliyochomolewa. Wote wakamngojea. Akatabasamu tu. Taa ikawa kijani, akakanyaga pedeli, na bwana harusi akaendelea kutembea na viatu vyake. Mwoka mikate alicheka mpaka akayumba.

Usiku ule nikamwambia nilichokiona.

"Yaani mkwe unataka kusema akili yangu iko kwenye nyayo?"

"Sijasema mimi, Shangazi. Imesema taa."

Akanuna. Kisha akaniambia nimletee baiskeli. Tukaisimamisha kwenye stendi ukumbini, gurudumu la nyuma liko hewani, akapanda. Alipoanza tu kuzungusha, Kiingereza kikamtoka: karibu, hii itakuwa tayari Alhamisi, ni ndefu au ni wewe umepungua? Akisimamisha miguu, kimya. Akizungusha, maneno. Mtoto alikuwa anacheka na kupiga makofi.

Mume wangu akatokea bafuni na taulo. "Shangazi, saa hizi unakwenda wapi?"

"Nakwenda kaunta!"

Lakini baiskeli haiingii kaunta. Asubuhi ya kusikilizwa tulitoka pamoja, kwani aliniomba nikae benchi la wateja na mtoto ili aone sura ya nyumbani. Njia nzima hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bosi alisimama pembeni, mikono kifuani. Mteja wa kwanza akaingia, baba mmoja mwenye koti la mvua, na suruali nyeusi mkononi. Akasema shida yake. Shangazi akamtazama. Akaishika suruali. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Yule baba akarudia, safari hii kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wakidhani mgeni ni kiziwi. Shangazi akageuka kunitazama, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

Mimi nami ningemwambia nini? Mtoto nilikuwa nimemlaza mapajani. Nikamshika miguu yake miwili, nikaanza kuizungusha hewani taratibu, vile tunavyowafanyia watoto tumbo linapojaa gesi. Mguu huu, mguu ule. Pedeli.

Shangazi akaona. Kwanza akatabasamu. Kisha akatupa macho kwenye kona ya kioo, ambako kuna cherehani ndogo ya kazi za harakaharaka. Akaenda nayo suruali, akaketi, akaitandaza, akaweka mguu juu ya kikanyagio na kukanyaga.

Cherehani ikalia, na Shangazi naye akafunguka. Akamuuliza yule baba ameamkaje. Mvua imempata? Mama yake mzima? Yule baba akashangaa, halafu akasema mama yake ni mzima, anatimiza miaka mingi Jumamosi hii, na suruali ni ya sherehe hiyo. Nani anapika? Watacheza? Yeye anajua kucheza? Mzee mzima akaonyesha hatua moja pale kaunta, na koti lake la mvua. Mikono ya bosi ikashuka kifuani.

"Basi itakuwa tayari," Shangazi akamaliza kwa Kiingereza safi, akaiinua suruali.

Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa ukafungwa kabisa, kama mfuko.

Cherehani ikanyamaza, na Shangazi akanyamaza nayo. Yule baba akaingiza mkono kwenye mguu wa suruali, ukaenda, ukaenda, ukagonga mwisho. Akauliza kama zawadi za mama yake ndizo za kutiwa humo ndani. Bosi alicheka mpaka ile tepu ikamwanguka shingoni, na mimi ndiyo mara ya kwanza kumwona bila tepu.

Alipopata pumzi, akaenda kwenye ile cherehani, akafungua sindano, akaitia mfukoni mwake. Akamwambia Shangazi kwamba kuanzia leo hapa ni pake, na cherehani hii ni yake ya kuongelea tu. Zile za kushonea zitabaki nyuma.

Shangazi alitaka kushukuru, sauti ikagoma. Akatafuta kikanyagio kwa mguu, akakanyaga, ndipo akashukuru. Alishukuru kwa muda mrefu sana.

Hadi leo yuko pale kwenye kioo. Wateja wapya hushangaa cherehani inayonguruma bila kushona kitu, wa zamani wamezoea. Na mtu akizidi kuwa msumbufu, Shangazi huinua mguu tu, basi, Kiingereza kimeisha.

Jumapili bado anaendesha. Juzi alirudi, akambeba mtoto, akanong'ona kama mwenye siri kubwa.

"Mkwe, leo nimeongea na Mpeleka Barua tumesimama. Palepale kwenye taa. Miguu yote chini."

"Kweli, Shangazi? Umemwambia nini?"

"Neno moja."

"Neno gani?"

"Twende."