Unene wa Ndani ya Mfupa

Nilipomaliza darasa la saba, ukoo ulinipa cheo cha msomaji wa karatasi za hospitali. Hakuna aliyeniuliza kama nakitaka. Mimi ni mtu wa haya. Dukani husubiri wateja wote waondoke ndipo niseme nataka chumvi. Lakini bibi yangu mzaa mama alipoanza kulalamikia mgongo, ni mimi niliyetoka naye Ushongo kumpeleka hospitali mjini Tanga.

Bibi ni mpishi wa shughuli. Harusi ikiwa kwetu, pilau ni lake. Kukatakata vitunguu na kutwanga viungo aliwaachia wengine zamani, ila kazi moja hajamwachia mtu: kuipua sufuria kubwa. Yeye hushika upande mmoja, mwenziwe upande wa pili, na ole wake mwenziwe akitangulia kupumua.

Hospitali walimwingiza kwenye mashine yenye tundu kama tanuri la mikate. Alitoka akisema humo ndani mna ngoma, lakini mpigaji hajafundishwa. Daktari, kijana mpole, alimwamkia shikamoo, kisha akamweleza taratibu.

"Bibi, pingili za mgongo wako zimepungua uzito. Ndani ya mfupa mna uboho. Mtu akizeeka, mafuta huongezeka kwenye uboho, na mfupa wenyewe hupungua. Kwa wanawake, siku zao zikishakoma, mambo huenda mbio zaidi. Usinyanyue kitu kizito. Pingili inaweza kubonyea."

Bibi alisikia neno moja.

"Mafuta?"

"Ndiyo, bibi. Yameongezeka sana."

"Alhamdulillahi."

Nilikusudia kumfafanulia tukiwa kwenye ujia. Nilipofungua mdomo, yeye alikwisha kumweleza muuza karanga wa getini.

Lazima niseme kwa nini. Kwetu mtu mnene ni mtu anayetunzwa. Mwembamba huulizwa anaumwa nini, na mumewe huulizwa anamlisha nini. Bibi amekuwa mwembamba maisha yake yote. Amewapikia watu mpaka wakashindwa kuinuka mkekani, na yeye unene umekuwa ukimpita mlangoni bila hodi. Sasa mashine imetoa ushahidi kwamba anao, ila umejificha.

Jirani yetu, shoga yake tangu utotoni, ni mama wa kiwiliwili hasa. Habari hizi hazikumpendeza.

"Shoga, hayo mafuta yako kayaona nani?"

"Kayaona daktari. Yako anayaona kila mpita njia, hayana siri."

Kufika Alhamisi, wanawake watatu walitaka niwaandikie jina la hiyo mashine. Mjomba wangu, ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake, aliniita pembeni kuuliza kama wanaume nao huyapata. Nikamwambia huyapata, kila anayezeeka huyapata. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililosema wiki ile, na mjomba aliondoka amefurahi.

Mimi sikufurahi. Jumamosi palikuwa na harusi kijijini. Nilijua Bibi ataishika sufuria, na nilijua maneno ya daktari, na ukoo mzima hakuna mwingine aliyeyajua. Kila nilipotaka kusema, palikuwa na mtu. Asipokuwepo mtu, palikuwa na Bibi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uani, nyuma ya nyumba ya harusi. Pilau lilikuwa limeiva, na Bibi anapasua mifupa ya mgongo wa ng'ombe kwa ajili ya supu. Akainua kipande, akakigeuza juani.

"Nani kanunua nyama hii? Huyu si ng'ombe, ni bibi yangu! Tazameni uboho, mafuta matupu. Na mfupa wenyewe biskuti, shoka halijatua umeshapasuka."

Wanawake wakacheka. Akakitupa kipande kwenye beseni, akajifuta mikono, akachukua matambara ya kushikia sufuria.

"Ndivyo alivyosema daktari," nikasema.

Kicheko kikakatika. Sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile.

"Alisema nini?" Bibi akauliza.

"Kwamba mfupa wako uko hivyo. Mafuta yameingia, mfupa umeondoka. Alikukataza kunyanyua."

Bibi alilitazama beseni. Nilimngojea jirani acheke, maana zamu ilikuwa yake. Hakucheka. Alinyoosha mkono akamwondolea matambara.

"Mume wangu," Bibi akaniambia polepole, "wiki nzima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naona haya."

"Haya zako zingenivunja mgongo. Shika sufuria."

Kikaletwa kiti cha plastiki kutoka upande wa wageni, Bibi akakikalia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwenye shughuli. Mimi nikashika upande mmoja, jirani upande wa pili. Bibi aliamuru kama anayeshusha meli bandarini: piga magoti, inua, usiniangalie mimi, angalia moto! Sufuria iliinama upande wangu, na pilau la kutosha familia moja likamwagika majivuni.

Wageni walipokula, mzee mmoja akauliza kwa adabu mbona leo pilau linanukia moshi. Bibi alijibu kutoka kitini, kwa sauti iliyofika mpaka kwa bwana harusi:

"Hilo kaipua mjukuu wangu. Mimi simo."