Gari la Mwalimu na Sikio la Bisibisi

Shemeji yangu tulimwita Bisibisi, na hakuna aliyekumbuka kumwita vinginevyo. Jina alilipata kwa namna yake ya kupima injini. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma cha injini inayounguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha husema: valvu hii, bea ile, hapa hamna kitu. Mafundi wengine hufungua injini ndipo wajue; yeye alijua kwanza, akafungua baadaye, na wateja walimpendea hilo. Mimi nilikuwa kwenye kaunta ya vipuri pale mlangoni, nauza plagi na mikanda, na kwa kuwa mkewe ni dada yangu wa tumbo moja, nilikuwa na haki ya kumtania mchana kutwa.

Mwaka ule utani uliniisha. Dada alikuwa anaondoka. Hakuwa amepigwa wala kutukanwa, wala hapakuwa na mwanamke mwingine. Ningejua, maana kwenye kaunta yangu habari hufika kabla ya mzigo. Alichoka tu kuongea na mgongo. Mume anarudi kutoka gereji, anakwenda moja kwa moja kwenye sinki la jikoni, anafungua bomba na kusugua grisi kwa sabuni ya unga mpaka maji yaache kuwa meusi. Dada amekaa mezani nyuma yake, anamweleza ya jirani, ya paa linalovuja, ya mjukuu aliyeota jino. Hajibiwi. Akimaliza kunawa anakula, anasifu chakula, anakwenda kulala.

"Kwake mimi na kiti cha jikoni ni mamoja," dada aliniambia, na begi alikuwa ameshalifunga. Alhamisi mchana angepita gerejini kuniachia ufunguo wa nyumba, kisha apande basi kwenda kwa binti yao mkubwa, na safari hiyo haikuwa ya kusalimia. Mumewe hakuwa na habari. Au anayo na hajali, ndivyo tulivyoamini, nami nikawa nampa vipuri huku nimenuna.

Alhamisi hiyohiyo asubuhi, mwalimu akarudi na gari lake.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki, na gari lenyewe ni la spoti la zamani, jekundu lililopauka, viti viwili tu na boneti ndefu kuliko nafasi ya watu. Alilinunua uzeeni, watoto wake wakamcheka, akawaambia wanaotaka kucheka wasiombe lifti. Tatizo lake ni kwamba injini ilikuwa inamisi. Ikiwa baridi inakwenda vizuri, lakini ikishapata moto, silinda moja kati ya sita inaacha kuchoma, gari linatetemeka na mlima linaupanda kwa kujikongoja. Mara ya kwanza Bisibisi alisikiliza, akabadilisha plagi zote, akasema tayari. Mara ya pili alisafisha kabureta, akasikiliza, akasema tayari. Sasa mwalimu amerudi tena, na kwa upole wake akawa anaomba radhi kama vile mwenye kosa ni yeye.

Bisibisi akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Injini ilikuwa imeshapata moto. Mimi nikiwa kaunta, na gereji nzima katikati yetu, nilisikia: pa-pa-pa-pa, kimya, pa. Mtu yeyote angesikia. Bisibisi akafumbua macho, akasema iko sawa, inakwenda safi kabisa.

Mwalimu hakubishana. Aliweka vidole juu ya paa la gari, akawa anagonga taratibu mdundo aliokuwa anausikia, na kila ilipofika zamu ya ule uliokosekana, kidole kimoja kilibaki hewani. Bisibisi alikitazama kile kidole. Nilimwona usoni anaelewa jambo na kulikataa papo hapo. Akazima gari, akatupa mgongo, akainamia sanduku lake la vifaa.

Nilitoka kaunta nikasimama nyuma yake. Gereji ilikuwa kimya. Nikamuuliza kama anataka nimtolee stoo distributa nyingine, ile ya kugawia plagi umeme. Hakujibu. Siku nyingine ningejisemea, haya, na mimi nimeshakuwa kiti. Lakini nilikuwa nimesikia anachosema hakipo. Nikasogea hatua moja.

"Shemeji, shati lako linaungua."

Mwalimu alishtuka, akalikodolea macho lile shati. Bisibisi aliendelea kutafuta spana.

Hakuwa amenisikia. Nikaelewa pia kwa nini hatukuwahi kuona. Gerejini sisi hatuongei. Kompresa na nyundo hazituruhusu. Kidole gumba juu, kanyaga mafuta. Kiganja shingoni, zima. Ngumi, lete nyundo. Mle ndani mtu anaweza kupoteza masikio yake kidogo kidogo na kazi ikaendelea kama kawaida. Ni nyumbani tu ndiko kulikuwa na mtu anayetumia mdomo.

Nikazunguka mbele yake, nikachuchumaa ili auone uso wangu, nikamwambia polepole kwamba silinda moja haichomi, naisikia mimi, anaisikia mwalimu, yeye haisikii. Nilitegemea atafoka, maana ni mtu wa kufa na tai shingoni. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza, akafuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Zilianza kuondoka sauti nyembamba," akasema. "Nikajua zitarudi."

Nilimuuliza kama dada anajua. Akatikisa kichwa. Fundi wa kusikiliza asiyesikia, akasema, nani atamwachia gari lake? Nilitamani kumweleza habari ya begi palepale, lakini lile halikuwa langu kulisema, na saa ya basi ilikuwa inakaribia. Nikamwambia basi alitafute tatizo bila masikio. Nilisema kwa ukali, maana machozi yalikuwa karibu na sipendi kulia mbele ya wateja.

Akawasha gari, akaliacha liungurume mpaka likaanza kutetemeka. Halafu akachukua chupa ya maji. Kila silinda ina bomba lake la kutolea moshi, na silinda inayochoma hulichemsha bomba lake. Akadondosha tone kwenye bomba la kwanza, likakauka kabla halijatulia. La pili hivyohivyo, na la tatu, na la nne. Kwenye la tano tone lilikaa, likateremka taratibu mpaka sakafuni. Akaashiria tufunge milango. Giza lilipoingia tuliinama wote watatu juu ya injini, moshi unatukaba, na tukauona: cheche ya buluu inaruka kutoka kwenye waya wa plagi ya tano kwenda kwenye chuma. Waya ulikuwa na ufa upande wa chini. Ukipata joto ufa unafunguka na umeme unapotelea njiani. Bisibisi alicheka peke yake. Miaka yote alikuwa akisikiliza, hakuwahi kuhitaji kufunga milango.

Akazima gari, nami nikafungua milango haraka tupate hewa. Dada alikuwa amesimama nje na begi lake, amebisha mpaka amechoka. Akaniwekea ufunguo mkononi. Mumewe alikuwa ameshainama tena, anang'oa ule waya mbovu. Dada akautazama ule mgongo.

"Nakwenda," akauambia.

Hakugeuka. Dada akanitazama kama anayesema, unaona mwenyewe. Nikamshika mkono, nikamwambia masikio ya mumewe yamekufa, sote hatukujua, na nikamvuta mpaka upande wa pili wa boneti. Bisibisi akainua kichwa. Akamwona mkewe, akaliona begi.

"Mama watoto, mimi sisikii," akasema. "Si leo tu. Niliona aibu."

Dada akahamishia begi mkono wa pili. Alipofungua mdomo hakuniangalia mimi wala mwalimu.

"Jumatatu nilikuuliza kama unataka nibaki," akasema. "Ulifunga bomba ukaenda kulala."

Bisibisi alikuwa anautazama mdomo wake, na hakulipata lote. Dada akarudia. Safari hii lilimfikia, na sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile. Alishika ukingo wa boneti kwa mikono yote miwili, ule waya bado umo kiganjani.

"Niulize sasa," akasema.

Dada akamuuliza, kwa sauti ambayo hata fundi viatu ng'ambo ya barabara aliinua kichwa. Bisibisi akajibu, "Baki," kisha akarudia, maana hakuwa na uhakika kama neno lilikuwa limetoka.