Daftari Nililomnywesha Mwanangu

Wenzangu, habari hii mnaijua nusu, ile nusu ya mdomo wa zambarau, na mmeicheka harusini na matangani (naam, hata matangani, Mungu awasamehe), na mimi nimekuwa nikicheka pamoja nanyi, maana mtu anayechekwa akicheka naye, kosa lake huonekana dogo. Nusu ya pili sijamwambia mtu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo leo kaeni niwape aibu yangu yote, kisha mkitaka kucheka mcheke.

Mimi mnanijua, Mwanaidi mfinyanzi, na vyungu vyangu mnapikia. Baba yake Shomari aliangukiwa na mawe kwenye ujenzi wa reli, akaniachia mtoto huyo mmoja, na mtoto nikampeleka shule ya serikali hapa mjini, akasoma vizuri mpaka akafika miaka kumi na minne. Mwaka ule tukaambiwa Bwana Shauri mwenyewe, yule Mjerumani mkuu wa wilaya, atatoka bomani aje awapime wanafunzi mbele ya wazazi, na kijana mmoja, mmoja tu, atachaguliwa apelekwe shule kubwa ya pwani akawe karani au mwalimu. Waliobaki wangeingia kazi za reli au za mashamba ya wazungu. Nilikuwa nimekwisha kuzika mume mmoja wa reli, wenzangu, na mtoto nilikuwa naye mmoja.

Sasa mimi alifu wala be siijui, mnajua hilo, lakini nilijiapiza mwanangu hatasoma peke yake. Jioni akirudi, mimi natengeneza vyungu uani, yeye anakaa mbele yangu na daftari lake. Hesabu tulizifanya kwa kunde (na nyingine tulizipika kabla jawabu halijapatikana). Jiografia nilimfinyangia chini, milima yetu ya Uluguru na mto unaotushukia mjini, kisha yeye akanielekeza bahari na nchi za Ulaya, nami Ulaya niliifinyanga kubwa kidogo kwa kuwaogopa wenyewe. Kijerumani nilimwambia ataje vitu vya jikoni nami nimfuatishe, tukafuatishana hivyo mpaka jirani yangu Bi Zena akaja kuniuliza kwa upole kama nimepandwa na pepo wa Kizungu. Na yale mambo ya wafalme wao, yeye alikuwa akisema na mimi nikisikiliza huku mkono unazungusha udongo, akisita na mkono wangu unasita, namwambia, "Rudia hapo." Hakuwahi kuniuliza nimejuaje kwamba kakosea. Mtu anayejua jambo na mtu anayebahatisha sauti zao si moja, hilo halitaki kusoma.

Basi yote aliyojifunza mwaka mzima yalikuwa ndani ya daftari lile. Alikuwa akiliandika kwa kalamu ya risasi ya zambarau waliyopewa shuleni, ile ambayo ukiitia maji inageuka wino. Mwalimu wao, Mwalimu Rajabu, mtu wa pwani, mwenye kanzu nyeupe pee, alikuwa amewaambia kila mmoja siku ya mtihani aje na daftari lake, kwa sababu Bwana Shauri ataanza na daftari kabla hajamuuliza mtu neno.

Hilo la daftari Shomari hakuniambia. Na mimi sikuuliza.

Nilichokuwa nacho akilini ni kombe. Nani kati yetu hakunyweshwa kombe alipokuwa mdogo? Maalim anakuandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, anaiosha kwa maji, unakunywa, na yaliyoandikwa yanakukaa moyoni. Nikasema mwanangu hawezi kusimama mbele ya Mzungu bila kombe. Nikaenda kwa Maalim Abdallah siku moja kabla ya mtihani, nikakuta mlango umefungwa, nikaambiwa amekwenda Mlali kwenye hitma, harudi mpaka kesho kutwa. Nikarudi nyumbani nimenywea. Alfajiri nimeamka kuwasha moto nikaliona daftari liko juu ya kigoda, na hapo ndipo lilipoanza kosa langu lote, katika wazo dogo tu ambalo wakati ule niliona limeshushwa na Mungu mwenyewe. Nikasema, maandishi si ni maandishi? Anachotakiwa kukijua leo si hiki hapa, kimekwisha kuandikwa, tena kwa mkono wake? Maalim wa nini?

Nikatwaa bakuli langu jipya, zuri, ambalo nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya wageni, nikatia maji, nikaliosha daftari ukurasa kwa ukurasa, taratibu, na bismillahi juu. Maji yalipogeuka zambarau, jamani, nilifurahi! Nilisema elimu hiyo inatoka. Nikaonja kwa ncha ya kidole, nikaona ni chungu, nikatia asali.

Shomari alipoamka akanikuta nimeshika bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo unywe kombe lako."

Akaangalia bakuli, kisha akaliangalia daftari, limelala pale jiweni limevimba, linachuruzika.

"Mama, umeliosha daftari?"

"Nimekuoshea. Kunywa, mwanangu, yote yakukae."

Akafumba macho. Mimi nilidhani anasoma dua. Kisha akapokea bakuli, akanywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Ahsante, mama," akatoka kwenda mtoni. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi midomo ilikuwa imechubuka kwa kuisugua na mchanga na majivu, na bado ilikuwa ya zambarau, meno ya zambarau, ulimi usiseme. Nikamwambia atasukutua akirudi.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Bwana Shauri amekaa mezani na orodha yake, askari wawili nyuma yake, maakida na majumbe wamewekewa viti, na sisi wanawake tumesimama nyuma kabisa tumejifunika kanga. Wanafunzi wakaitwa mmoja mmoja, kila mmoja anakuja, anafungua daftari, kurasa zinapekuliwa, ndipo anaulizwa. Alipofungua wa kwanza, nikajiambia labda ni huyo tu. Alipofungua wa pili, nikaelewa nimefanya nini.

Shomari akaitwa. Alikuja ameshika kile kibonge cha karatasi kwa viganja viwili, na alipofungua mdomo kuamkia, uwanja mzima ukaangua kicheko. Bi Zena aliyekuwa kando yangu alicheka mpaka akanishika bega asianguke.

Bwana Shauri akainua kibonge kwa ncha ya kalamu. Kiswahili alikuwa anakijua.

"Nani ameharibu daftari hili?"

Mwanangu akageuka. Macho yake yakatafuta huku nyuma kwa wanawake, yakanipata. Kisha yakanipita, kama hanijui, yakarudi mbele.

"Mimi, bwana mkubwa. Nilianguka mtoni."

"Na mdomo?"

"Nilikuwa nalamba kalamu."

Bwana Shauri akaiangalia midomo ile. "Unasema uongo," akasema, na kuna neno akaliandika kwenye orodha yake. Kisha akamgeukia askari. "Viboko vitano."

Sasa ndiyo hiyo nusu ya pili. Nilikuwa nasikia vizuri, wala msiseme nilikuwa mbali. Wakamlaza kwenye benchi. Nilisema moyoni nitatoka sasa hivi, na papo hapo nikawaza, wakijua ni mimi, nitaitwa nani mji huu? Mwanamke mjinga aliyemnywesha mtoto daftari. Bi Zena bado anacheka begani kwangu. Maakida wote wapo. Kiboko cha kwanza kikashuka. Shomari hakulia. Nikasema kikishuka cha pili nitatoka, kikashuka, miguu ikakataa. Kikashuka cha tatu, na hapo nikasikia sauti yake, sauti ile ninayoijua ikisita hata nikiwa nimempa mgongo, na ndipo nikajikuta nimefika mbele ya meza, kanga imedondoka njiani, kichwa wazi.

"Mwacheni! Daftari nimeliosha mimi."

"Umeliosha?" akauliza Bwana Shauri. "Lilikuwa chafu?"

"Halikuwa chafu, bwana mkubwa. Nilimpa maji yake anywe, elimu imkae."

Kicheko cha mara ile, wenzangu, mlikuwapo, sina haja ya kuwaeleza. Hata yule askari wa kiboko alitazama pembeni. Bwana Shauri peke yake hakucheka. Alimuuliza Mwalimu Rajabu kama ni kweli watu wa hapa hufanya hivyo, na Mwalimu Rajabu, ambaye naapa naye amekunywa makombe yake huko kwao pwani, akaangalia viatu vyake akasema, "Hawajui kitu, bwana."

"Basi kama elimu imo tumboni, aitoe," akasema Bwana Shauri.

Shomari akasimama, kanzu imemgandia mgongoni, akaulizwa hesabu akajibu, akaulizwa wafalme akawataja, akaulizwa mito na milima akaieleza yote huku akionyesha chini kwa kidole, pale ambapo ingekuwa ua wetu na udongo wangu. Hakusita hata mara moja. Mpaka anamaliza hakuna aliyekuwa akicheka.

Nafasi akapewa mtoto wa akida mmoja. Mtoto yule hakuwa mbaya, simsemi. Baadaye Mwalimu Rajabu aliniita kando ya ukuta wa shule, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mtu mwenye huruma. "Mama Shomari, daftari lingesameheka, maana kijana anajua, na mimi ningemwombea. Kilichomkosesha ni lile neno lililoandikwa kwenye orodha. Mwongo hawi karani. Ungesema pale pale alipoulizwa!"

Tukarudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, kwa sababu niliona haya kutembea kando yake. Tulipofika mtoni nikamuuliza, "Ulijua daftari ndilo linalotakiwa. Sasa kwa nini ulikunywa?"

"Ulikuwa umetia asali, mama."

"Na kwa nini hukusema ni mimi?"

Akainama kuchota maji akanawa uso. "Wangekucheka."

Mtoto wa miaka kumi na minne alilala kwenye benchi ili mimi nisichekwe, na mimi mama yake nikasimama nyuma ya kanga, nahesabu, kwa sababu hiyo hiyo. Mdomo ulitakata baada ya siku nne. Sasa anakata kuni za reli. Kila siku anazipanga mwenyewe kando ya njia, na garimoshi linazila na kwenda zake pwani, yeye anachukua shoka anarudi porini. Hajanilaumu hata kwa jicho, na afadhali angenilaumu.

Jioni bado anakaa mbele yangu uani. Siku hizi ananifundisha yeye, nachora herufi kwa kijiti juu ya chungu kibichi, naharibu, nafuta kwa kidole, narudia. Kuuliza si ujinga, nimelijua hilo nikiwa nimekwisha kuzeeka. Nimeapa sitagusa tena karatasi ya mtu bila kumuuliza ni ya nini, na kiapo hicho ni rahisi, hata mtoto mdogo anaweza kukitimiza. Kile kingine ndicho kizito, na ndicho kilichonifanya niwaite leo: kosa likiwa langu, nitoke kabla ya kiboko cha kwanza. Vile vitatu nilivihesabu sawasawa, bila kunde.